Vitabu Vimelala Stoo: Jinsi ya Kuvitoa Ukiwa Mbeya, Iringa au Njombe

Karibu kila wiki napigiwa simu ya namna moja. "Kaka, nilichapa nakala 500, mwaka wa pili huu ziko chini ya kitanda. Nifanyeje?" Leo ni mwalimu wa Mafinga, kesho mchungaji wa Tukuyu, keshokutwa binti aliyemaliza chuo Iringa na baba yake aliuza ng'ombe ili kitabu kitoke. Maswali ni yale yale na majibu yangu ni yale yale, kwa hiyo nimeamua niyaandike mara moja, atakayepiga nimwambie asome kwanza.

Mwongozo huu ni wa mwandishi aliyegharamia kitabu chake mwenyewe na sasa anakikwepa kukitazama. Kama hujachapa bado, soma pia, utaokoa hela.

Jambo moja tuliondoe njiani kabla ya yote. Usiniambie Watanzania hawasomi. Ingia saluni yoyote ya kusuka pale Mwanjelwa, utamkuta dada kainamisha kichwa, msusi anavuta nywele, na yeye macho yako kwenye simu anasoma hadithi ya Facebook, sehemu ya 43. Huyo anasoma kuliko mimi na wewe. Ila kitabu chako hajawahi kukiona, kwa sababu kiko chini ya kitanda chako.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Nakala zako zote, zikiwa sehemu moja, zimehesabiwa.
- Daftari kubwa la jalada gumu. Simu isishike kazi hii. Simu huibiwa, huzimika, huanguka chooni.
- Laini yenye huduma ya pesa, jina linalotokea likiwa lako. Ukiweza kupata lipa namba, bora zaidi.
- Kitabu cha risiti na kalamu mbili. Moja utaiacha kwa mtu, haijawahi kukosea.
- Nakala 10 ambazo umekubali moyoni kwamba hazitarudi na hazitakupa hela.
- Mifuko ya nailoni na boksi gumu.
- Nauli ya safari tatu au nne za karibu.

Kama kitabu hakina ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, maduka makubwa ya vitabu na maktaba watakusumbua. Namba hiyo hutolewa nchini na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Huanza na 978, kisha hufuata alama ya nchi, kwa mfano 9976 au 9987. Kukosa namba hakukuzuii kuuza kwa mkono, kwa hiyo usikae kuisubiri huku nakala zinaota ukungu.

Hatua ya 1: Hesabu, hata kama unaogopa

Chora safu nne kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: zilizo nyumbani, zilizo kwa watu kwa mali kauli (wauze kwanza ndipo wakulipe), ulizogawa bure, ulizouza na hela ukaiona. Jumla ya safu zote nne lazima ilingane na idadi uliyochapa. Isipolingana, hesabu tena.

Mimi nilipofanya hivi mara ya kwanza nilikuwa najitapa kwamba nimeuza kama nakala 200 kati ya 500. Daftari likasema hivi: nyumbani 287, mali kauli 74, zawadi 78, zilizouzwa 61. Sitini na moja! Zile nyingine nilikuwa nimezigawa kwa watu waliosema "hongera sana" au nimezitupa kwenye maduka ambayo sikurudi kuyatembelea. Nilikaa nje ya nyumba na lile baridi la Julai la Uyole bila kuhisi baridi.

Hatua ya 2: Watafute watu 20 walionunua kwa hela yao

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo watu wengi huruka. Wanataka niwaambie namna ya kutengeneza tangazo. Tangazo la nani? Hujui bado nani anakipenda kitabu chako.

Andika majina ya watu 20 waliokinunua. Ndugu zako wa damu usiwaweke. Waliopewa usiwaweke. Wasipofika 20, andika waliopo, hata wawe wanane. Kisha wapigie mmoja mmoja au wafuate walipo. Maswali ni matatu tu:

1. Siku ile uliponunua ulikuwa wapi, na nini kilikufanya utoe hela?
2. Ulikisoma ukafika wapi?
3. Kitabu kiko wapi sasa hivi?

Swali la tatu ndilo la dhahabu. Mtu akikujibu "alikichukua shemeji yangu, hajarudisha", andika huyo shemeji ni nani na anafanya kazi gani. Kitabu kinachoazimwa kinakuonyesha njia yake chenyewe.

Ukiona haya kupiga, tuma ujumbe kama huu: "Shikamoo mama. Ni mimi wa kile kitabu cha utingo, ulinunua pale Chimala. Sikuuzii kitu leo. Nina maswali matatu tu kuhusu ulivyokiona, naomba dakika tano ukipata nafasi." Kwa watu wa rika lako badili salamu, lakini maneno ya "sikuuzii kitu leo" yabaki, na uyatimize. Ukimwuzia siku hiyo, hatakwambia ukweli tena.

Kitabu changu ni riwaya ya utingo wa malori yanayokwenda Tunduma. Nilipoiandika niliwaza wanafunzi wa vyuo: vijana, lugha ya kijiweni, mapenzi kidogo. Nilipowapigia wale 20, wanafunzi walikuwa watatu. Kumi na mmoja walikuwa wanawake wanaofanya kazi kando ya barabara: mama ntilie, wenye maduka ya vocha, mmoja nesi wa zahanati. Wanne walikuwa madereva wenyewe. Mama mmoja wa Igawa aliniambia, "Mwanangu, mimi hawa watu nawapikia miaka kumi na mbili, sikujua wakiondoka hapa wanawaza nini." Baada ya maneno hayo niliacha kubandika karatasi kwenye mbao za matangazo za vyuo. Nikahamia Makambako, Chimala, Uyole na Mpemba, kule malori yanakosimama.

Huenda wako ni tofauti kabisa. Kijitabu cha ufugaji wa kuku kinaweza kukuta wasomaji wake wakuu ni wastaafu. Mashairi ya dini yanaweza kununuliwa na wanakwaya kuliko wachungaji. Usikisie, uliza.

Hatua ya 3: Kitazame kitabu kwa jicho la mpita njia

Kiweke mezani, rudi nyuma hatua tatu. Je, jina linasomeka? Picha inasema hadithi inahusu nini, au ni picha ya jua linazama ambayo mchoraji aliitoa intaneti? Geuza nyuma: kuna maneno yanayomvuta mtu, au kuna wasifu wako kuanzia shule ya msingi?

Kama jalada ni baya, usichape upya. Nenda steshenari, chapa mkanda wa karatasi yenye rangi, upana wa vidole vinne, uuzungushie kitabu. Juu yake weka sentensi moja inayosema kinahusu nini. Wangu ulisema: "Siku tisa kutoka Dar hadi mpakani, na siri moja chini ya turubai." Gharama yake ni ndogo na haugusi nakala iliyokwisha kuchapwa.

Bei nayo. Wengi kitabu kikidoda hukimbilia kushusha. Fanya hesabu kwanza, kwa namba zako mwenyewe. Tuchukulie nakala ilikugharimu Sh 4,500 kuchapa na Sh 300 kuisafirisha kutoka Dar. Hiyo ni 4,800. Ukiuza kwa mkono Sh 10,000, unabaki na 5,200. Duka likichukua asilimia 35, linakupa 6,500, unabaki na 1,700. Sasa ukishusha bei hadi 7,000 na duka likachukua sehemu ile ile, linakupa 4,550. Umemlipa msomaji Sh 250 ili asome kitabu chako.

Kuliko kushusha, funga pamoja: nakala mbili kwa Sh 18,000, moja yako moja ya kumpelekea mtu. Kwa mkono inalipa vizuri, na inakupatia msomaji usiyemjua.

Hatua ya 4: Fuata kalenda ya hela, acha kalenda ya hamu yako

Nyanda za juu kusini hela ina msimu kama mvua. Mvua kwetu huanza Novemba na kwenda hadi Aprili, Tukuyu hata Mei na zaidi. Miezi hiyo mkulima ananunua mbolea, haji kununua riwaya. Januari ndiyo mbaya kuliko zote: ada, sare, madaftari. Mwandishi anayefanya uzinduzi Januari namwonea huruma. Isipokuwa kama kitabu chako ni cha watoto wa shule. Hapo Januari na Julai, shule zinapofunguliwa, ndiyo mavuno yako.

Juni mpaka Septemba mahindi yamevunwa, mpunga wa Usangu na Kyela umeuzwa, watu wana hela mkononi. Katikati yake kuna Nane Nane. Maonyesho ya kanda yetu hufanyika viwanja vya John Mwakangale pale Uyole, kilele kikiwa Agosti 8. Usikodi banda peke yako, ni ghali. Tafuta kikundi au taasisi ambayo tayari ina banda, uombe kona ya meza. Nakala za kilimo, ufugaji na ujasiriamali huenda kasi pale. Riwaya huenda polepole, ila huenda.

Septemba na Oktoba kuna mahafali ya darasa la saba na kidato cha nne. Mzazi siku hiyo anataka kumpa mwanawe kitu. Mataji ya maua ya plastiki yanauzwa getini. Kwa nini kitabu kisiuzwe?

Desemba wenyeji wanarudi. Rungwe, Kyela, Makete, Njombe zinajaa magari yenye watu wa Dar. Wana hela, wana hamu ya nyumbani, wana wazee wa kuwapelekea zawadi. Kitabu chenye jina la mahali pao kwenye jalada wanakinunua bila kukifungua.

Kwa wafanyakazi wa serikali, subiri mshahara uingie. Siku tano baada ya hapo ni tofauti kabisa na tarehe 15.

Hatua ya 5: Chagua vituo vitatu tu

Usijaze mkoa mzima. Vituo vitatu unavyoweza kuvitembelea kila wiki mbili vinazidi ishirini usivyovikumbuka. Chagua kwa kufuata majibu ya Hatua ya 2. Haya ndiyo niliyoyaona yakifanya kazi:

*Saluni za kusuka.* Hiki ndicho kituo nikipendacho na hakuna anayeniamini mpaka ajaribu. Kusuka huchukua saa tatu, hata nne. Toboa nakala moja kwenye kona, ifunge kamba, iandike "YA KUSOMEA HAPA", iweke kwenye meza yenye kioo. Acha nyingine tano za kuuza kwa mwenye saluni, na kwa kila moja apate Sh 2,000. Mteja ataanza kusoma, nywele zitaisha akiwa ukurasa wa 60, na hapo mwenye saluni hahitaji kusema mengi. Saluni moja ya Kabwe iliwahi kunimalizia nakala tano kwa siku nne. Nyingine ilikaa na tano zile zile mwezi mzima. Kumbe ilikuwa na televisheni.

*Makanisa.* Ongea kwanza na mchungaji au katekista, mpe nakala asome, umpe na wiki mbili. Usiombe kusimama madhabahuni. Omba neno moja kwenye matangazo na meza nje baada ya ibada. Msimu wa mavuno, mnada wa baada ya ibada unapoendelea, toa nakala mbili nazo zipigwe mnada kwa faida ya kanisa. Nimeona kitabu cha Sh 10,000 kikifika 40,000 kwa sababu mzee mmoja hakutaka kushindwa na mwenzake, na waumini waliobaki wakaja mezani kwangu kuuliza ni kitabu gani hicho. Hakikisha tu kitabu chako hakina mambo yatakayomwaibisha mchungaji. Riwaya yangu ya utingo haijaingia kanisani, na haitaingia.

*Shule.* Pita kwa mkuu wa shule, kisha mwalimu wa Kiswahili au wa maktaba. Shule binafsi na za madhehebu huamua haraka; za serikali zina taratibu zake za fedha, uwe na subira na uandike barua. Onyo: usiingie darasani kuwauzia wanafunzi moja kwa moja, na usikiite kitabu chako "cha kiada" au "cha ziada" kama hakina ithibati ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Ni namna ya haraka ya kufukuzwa getini.

*Maeneo ya historia.* Hii ni kwa wenye vitabu vya kwetu: mila, ngano, historia. Iringa kuna makumbusho ya Kalenga panapohifadhiwa fuvu la Mkwawa, lililorudishwa mwaka 1954. Kuna Boma la Iringa mjini, na Isimila penye zana za mawe. Mgeni akitoka pale kichwa kimejaa maswali. Kama kitabu chako kinajibu hata moja, kiwe karibu na mlango wa kutokea. Omba ruhusa kwa wahusika kwa maandishi.

*Stendi na vituo ambapo mabasi husimama abiria wale.* Makambako, pale barabara ya Songea inapochepuka, abiria hushuka wakiwa na dakika chache na chenji mkononi. Anafaa machinga anayeuza tayari karanga na maji, siyo wewe na shati lako la uandishi. Mpe nakala tatu, asizidi tatu.

Vyuo navipita haraka: MUST, TEKU, Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa, RUCU, vyote vina wasomaji, ila mwanafunzi hana hela mpaka boom, ile hela ya mkopo wa chuo, liingie. Mtafute mwanafunzi mmoja awe wakala wako, akuuzie bwenini.

Hatua ya 6: Mali kauli kwa maandishi

Kumwachia mtu kitabu kwa mdomo ni kumpa zawadi kwa kuchelewa. Andika karatasi mbili, moja yako moja yake:

"Nimepokea nakala 5. Bei ya kuuzia ni Sh 10,000. Kwa kila iliyouzwa nitampa mwandishi Sh 6,500. Tutahesabu tarehe ______. Zisizouzwa nitazirudisha zikiwa safi." Majina, namba za simu, sahihi.

Nakala tano, siyo hamsini. Mwenye duka akipewa hamsini anaziweka chini ya kaunta, juu yake anaweka boksi la sabuni. Tano zikiisha, peleka tano nyingine. Siku ya kuhesabu usitume ujumbe, nenda. Na ukienda, usianze na hela. Ingia, "kamwene" kama uko Iringa, uliza biashara, uliza watoto, kisha ndiyo utoe daftari.

Hatua ya 7: Simu

Stetas ya WhatsApp inaonwa na mtu mwenye namba yako ambaye nawe una namba yake. Maana yake kila anayenunua kwa mkono mwombe hapo hapo ahifadhi namba yako, nawe uhifadhi yake. Hilo peke yake litakuongezea watazamaji kuliko bando la kutangaza.

Rekodi sauti yako ukisoma, dakika mbili, ukatie mahali pabaya. Utingo anafungua turubai, anasikia mtu anapumua: basi, nyamaza. Weka bei na namba. Jumanne na Ijumaa zinatosha.

Makosa ninayoyaona kila siku: kurusha tangazo kwenye grupu la msiba (ndiyo, nimeona, marehemu hata hajazikwa); kuandika "njoo inboksi kwa bei" badala ya kutaja bei; na kumtumia mtu PDF kwa sababu yuko mbali. PDF ikitoka kwako leo, kesho iko kwenye magrupu sita. Aliye mbali atumiwe kwa basi.

Hatua ya 8: Redio, ukiwa tayari

Tuna bahati ya redio nyingi za mikoani: Ebony FM Iringa, Bomba FM Mbeya, Kings FM Njombe. Watangazaji hutafuta wageni wa vipindi vya asubuhi. Lakini usiende mpaka nakala ziwe kwenye duka au saluni ya mji huo. Mwenzangu mmoja aliongea saa nzima hewani, watu wakapiga simu "tunakipata wapi?", akajibu "nitawaletea". Hadi leo hajawapelekea.

Nenda na vitu vitatu: maswali matano uliyomwandikia mtangazaji (hatakuwa amekisoma, usimlaumu), aya moja uliyoiwekea alama ya kuisoma, na nakala tatu za zawadi kwa wasikilizaji. Washindi wakachukulie pale pale zinapouzwa. Namba ya simu itaje polepole, mara mbili.

Hatua ya 9: Kutuma kwa basi

Mnunuzi alipe kwanza, bei pamoja na gharama ya kifurushi. Funga kitabu kwenye nailoni, kisha karatasi ngumu, andika jina na simu ya mpokeaji pande mbili, na yako kwa udogo. Piga picha risiti ya ofisi ya basi umtumie, pamoja na namba ya gari. Usimpe kondakta mkononi bila risiti, hata kama ni mjomba wako.

Onyo kubwa kuhusu uzinduzi

Ukumbi, keki yenye umbo la kitabu, mgeni rasmi, fulana. Nimehudhuria mingi. Watu hula, hupiga picha, huondoka. Kama lazima ufanye, keti na watu 30 kwenye ukumbi wa kanisa au shule, soda moja moja, na kiingilio kiwe ni kununua nakala. Usikope kwa ajili ya sherehe, na usichape awamu ya pili kabla ya awamu ya kwanza kubaki chini ya nakala 50.

Ukikwama

*Watu wanasifu, hawanunui.* Wanakusifu wewe. Kaa nao kimya, wape ukurasa wa kwanza wasome mbele yako. Wakiufungua wa pili bila kuambiwa, tatizo ni bei au mahali. Wakikurudishia, tatizo ni ukurasa wa kwanza.

*Nimewauzia ndugu tu, sina watu 20 wa Hatua ya 2.* Zichukue zile nakala 10 za kupoteza. Weka saluni tatu, zahanati mbili kwenye chumba cha kusubiri, gereji moja, na zilizobaki kwa wasomaji unaowajua kwa ukali. Rudi baada ya wiki tatu na maswali yako.

*Duka halilipi.* Nenda na karatasi ya mali kauli, chukua nakala zilizobaki, andikishianeni deni na tarehe. Usigombane mbele ya wateja. Kuna duka moja lilinizungusha miezi saba. Siku niliyochukua vitabu vyangu nikaacha kudai kwa maneno, nikawa nachukua vitu vya dukani kwa hesabu ya deni. Nilimaliza na ndoo mbili na pasi.

*Kuna makosa ya chapa.* Kama ni tahajia, nyamaza uuze. Kama kurasa zimerukwa au zimejirudia, tenga nakala hizo na umrudie mchapaji mapema ukiwa na risiti. Kwa kosa linalobadili maana, kwa mfano kipimo cha dawa kwenye kitabu cha kilimo, usiuze hata moja mpaka ubandike karatasi ya masahihisho.

*Mtu anasambaza PDF au ananakili fotokopi.* Hifadhi ushahidi: picha za skrini, tarehe, namba. Mwandikie kwanza kistaarabu. Asiposikia, peleka malalamiko COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki; itakusaidia ukiwa umesajili kazi yako kwao.

*Nimefuata yote miezi sita, zimetoka chache.* Yaendelee mauzo ya polepole, ila nguvu zihamishie mswada unaofuata, na safari hii anza na wale wasomaji wa Hatua ya 2 kabla ya kuandika. Mswada ukikamilika, upeleke kwenye Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanzishwa 2022 chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Sherehe zake hufanyika Aprili 13, siku aliyozaliwa Mwalimu. Soma masharti ya mwaka husika kabla ya kutuma.

*Nakala zimeota ukungu.* Usianike juani, karatasi itajikunja na gundi ya mgongo itaachia. Zisimamishe wima chumba chenye upepo, zikiachana, siku tatu. Futa jalada kwa kitambaa kikavu. Kisha jenga chaga ya mbao, boksi ziwe juu ya sakafu kwa urefu wa shubiri moja na mbali na ukuta, hasa kama uko Tukuyu. Zilizoharibika kabisa ziondoe kwenye daftari, safu ya tano, uiandike "mvua".